Kuchagua Gari la Familia Chini ya Mlima Meru

Jijini Arusha, mtu akisema kwamba amenunua gari, swali la kwanza aulizwalo ni hili: "Namba gani?" Muulizaji hataki tarakimu, ataka herufi. Bamba la namba la Tanzania huwa na T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu zinazofuata mpangilio wa alfabeti. Kwa hiyo gari la "namba E" limesajiliwa baada ya gari la "namba D", na hilo la D baada ya lile la C. Bei nayo hupanda pamoja na herufi.

Herufi hiyo huonyesha jambo moja tu, yaani wakati gari lilipoandikishwa nchini. Haisemi liliundwa mwaka gani, wala limetembea kilomita ngapi, wala lilitunzwaje. Gari lililoundwa Japani mwaka 2006 laweza kuvaa E kwa sababu tu lilichelewa kuvuka bahari, na gari lililoundwa mwaka 2010, likaletwa mapema na kutunzwa vema, likaitwa kuukuu. Mwalimu wa fizikia angesema kwamba hapa watu wanasoma saa ili kujua uzito wa mzigo. Na kosa hili lina gharama. Mtumishi anayekopa katika chama cha akiba na mikopo ili anunue gari atakatwa mshahara kwa miaka kadhaa, gari liwe zima au bovu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mnunuzi wa gari dogo la familia, lile lenye milango minne na buti nyuma, anavyoweza kulipima kwa sayansi ya darasani. Mahali penyewe ni Arusha na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Meru, kwa kuwa gari linalofaa Dar es Salaam huulizwa maswali mengine likifika huku.

Magari yenyewe

Miaka ya 1960 na 1970 gari la familia lililosifiwa kuliko yote Afrika Mashariki lilikuwa Peugeot, kwanza 404 na baadaye 504. Sifa hiyo haikuwa ya maneno matupu: 504 lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975, katika barabara za vumbi na matope zilizoyavunja magari ya bei kubwa zaidi. Lilikuwa na springi laini zenye nafasi ya kutosha kupanda na kushuka, na tumbo lake lilikuwa juu kidogo ya ardhi.

Leo yanayojaa barabarani ni magari ya Japani yaliyokwisha kutumika. Japani, kama Tanzania, huendesha upande wa kushoto, hivyo usukani uko mahali panapotufaa. Tena sheria ya huko hulitaka gari dogo la binafsi likaguliwe miaka 3 baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni wa gharama. Wajapani wengi huona heri kuuza kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Toyota Carina na Corona Premio ndizo zilizozoeleka zamani. Mwishoni mwa mwaka 2001 zikarithiwa na Allion na Premio, ambazo ziliundwa hadi mwaka 2021. Upana wa Allion ni milimita 1,695. Msomaji asidhani kwamba kipimo hicho kilitokea kwa bahati: kanuni za Japani huliweka katika kundi la magari madogo gari lisilozidi upana wa mita 1.7, urefu wa mita 4.7 na injini ya lita 2. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya vichochoro vya miji ya Japani imeishia kuvifaa vichochoro vya Sakina na Ilboru.

Gari jipya kabisa kutoka dukani lina faida zake: lina dhamana, na maisha yake ya nyuma hayana fumbo. Lakini bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi, na sitalizungumzia kwa urefu. Uamuzi ulio mgumu zaidi ni kati ya gari linaloshuka melini na gari ambalo mtu wa hapa amekwisha kulitumia. La kwanza hutozwa kodi nyingi bandarini, na ushuru wa ziada huongezwa likizidi umri wa miaka 8, ukapanda tena likizidi 10. (Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Namanga, hawaruhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8.) La pili halina fumbo la bahari, lakini limekwisha kuyaonja mawe ya Arusha.

Hewa nyembamba

Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ile ya Dar es Salaam, na kila lita ya hewa inayovutwa na silinda ina hewa pungufu kwa kiasi cha asilimia 13. Injini isiyo na tabo itapungukiwa nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Injini iliyoandikiwa kilowati 80 itatoa kama 70.

Je, hizo zatosha? Tuchukue gari lenye uzito wa kilogramu 1,600 pamoja na baba, mama, watoto na gunia la viazi. Kulipandisha mlima unaoinuka mita 10 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kwahitaji kilowati 17 hivi za kushindana na uzito, na 3 nyingine za kushindana na msuguano wa matairi. Jumla ni 20. Kwa hiyo injini ya lita moja na nusu yatosha kabisa, na wale wasemao kwamba bila lita 2 hakuna kupanda Meru wanalipia petroli na ushuru bila sababu.

Hewa nyembamba ina udanganyifu mwingine ambao hata mafundi huupitiwa. Fundi anayepima mgandamizo wa silinda huchomeka geji mahali pa plagi. Injini nzima inayosoma 13 pwani itasoma kama 11 Arusha, kwa sababu hewa inayoingia ni chache tangu mwanzo. Asiyejua atasema injini imechoka, na dalali mwerevu atajua namna ya kulitumia neno hilo. Kinachofaa kutazamwa ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikisoma 11 zote nne, hakuna ubaya. Zikisoma 11, 11, 11 na 8, basi pistoni, valvu au gasketi ya silinda moja ina ugonjwa.

Breki

Kupanda hudai nguvu ya injini, lakini kushuka hudai zaidi. Tarehe 24 Februari 2024, katika eneo la Ngaramtoni kwenye barabara ya Arusha na Namanga, lori lililopoteza breki liliyagonga magari mengine, na watu 25 wakafariki. Lile lilikuwa lori, lakini kanuni ya kimaumbile ni moja kwa lori na kwa Premio.

Gari letu la kilogramu 1,600 likishuka mita 300 kwa wima, hutoa nishati ya jouli milioni 4.7. Nishati haipotei. Sehemu huchukuliwa na upepo na matairi, na sehemu huchukuliwa na injini iwapo dereva ameweka gia ndogo. Iliyobaki yote hugeuka joto katika diski, pedi na ngoma. Mwalimu aweza kuwafanyisha wanafunzi hesabu hii ubaoni: jouli milioni 4.7 zatosha kuchemsha lita 15 za maji kutoka nyuzi 20, tena zikumbukwe nyuzi za Arusha, ambako maji huchemka yakifika 95 hivi wala si 100.

Sasa joto hilo huingia katika mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205. Yakisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3 na zaidi kidogo, kiwango cha chini kinachokubaliwa hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hugandamizika kama hewa ya pampu ya baiskeli. Dereva hukanyaga pedeli, pedeli huzama hadi sakafuni, gari halisimami.

Gari lililokaa yadi kwa mwaka mzima, likasafiri baharini na kukaa yadi nyingine tena, mara nyingi bado lina mafuta yale yale. Rangi ikiwa kahawia kama chai ya rangi, isiulizwe tena. Kuyabadili yote ni kazi ya saa moja au mbili na bei yake ni ndogo, na kwa maoni yangu yafaa kubadilishwa siku ile ile gari linaponunuliwa, hata muuzaji aape vipi. Mnunuzi na alijaribu gari kwa kushuka mteremko mrefu, si kwa kuzunguka mjini tu. Akifika chini asimame, akanyage pedeli kwa nguvu na kuhesabu hadi thelathini. Pedeli ikiendelea kuzama polepole, silinda kuu ya breki inavujisha kwa ndani.

Wanaonunua gari lenye gia za otomatiki wajifunze maana ya herufi na tarakimu zilizo chini ya D. Madereva wengi hawajapata kuzigusa. Ndizo zinazoiruhusu injini kulishika gari mteremkoni.

Maji ya Meru

Watu wa Arusha wanajua kwamba maji ya Meru yana floridi nyingi. Meno ya kahawia ya wenyeji wengi ni ushahidi. Kisichojulikana sana ni kwamba maji hayo hayo, yakiwa yamepita katika mawe ya volkano, mara nyingi yana pia sodiamu baikaboneti, ndugu wa magadi. Yakimiminwa katika rejeta na kupashwa joto, baikaboneti hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi na kugeuka sodiamu kaboneti, ambayo ni besi yenye nguvu zaidi. Mwanafunzi wa kemia anajua tabia ya alumini: huliwa na asidi, huliwa na besi pia. Nazo rejeta za siku hizi ni za alumini, na vichwa vya silinda ni vya alumini.

Ndiyo maana gari lililotumika hapa hapa lifunguliwe kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi kabisa. Maji yakiwa safi kama ya bomba, hakuna dawa iliyotiwa. Yakiwa na tope jeupe au kutu, kazi ya kula imekwisha kuanza. Yakiwa na mafuta yanayoelea, mnunuzi aage kwa adabu aondoke. Dawa ya rejeta, ile ya rangi ya kijani au nyekundu, haitiwi kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake: hukinga alumini, na huinua kidogo kiwango cha kuchemka. Kifuniko chenyewe kina springi inayoongeza kanieneo ndani ya mfumo, na bila hiyo maji yangechemka mapema mno katika mwinuko huu. Kifuniko kilicholegea ni kitu cha bei ya soda mbili tatu, nacho kimeua injini nyingi.

Mambo mengine kwa ufupi

Mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma, na hurudishwa. Mpira wa pedeli ulioisha, usukani uliong'aa kwa kushikwa na kiti kilichobonyea haviendani na kilomita 60,000. Gari kutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, litazamwe chini kwa tochi. Kutu ya chasisi haifichwi na rangi ya juu. Injini zilizoandikwa D-4, ambazo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ziachiwe wenye fundi aliyebobea. Kisafisha hewa kifunguliwe pia: majivu ya volkano ambayo ndiyo vumbi la huku ni makali kama msasa, na kikiwa na tundu, pistoni zimekwisha kusagwa.

Matairi nayo yana tarehe. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Arusha, mji uliokuwa na kiwanda chake cha matairi cha General Tyre tangu miaka ya 1970, usingepaswa kuwa na mtu asiyejua kuzisoma. Baadhi ya magari hushuka melini yakiwa na matairi ya theluji, yenye mpira laini na mikato midogo midogo kama ya wembe; yanapendeza kwa macho kwa kuwa bado yana meno marefu, lakini kwenye lami ya moto huisha upesi na hayashiki barabara sawasawa. Bei ya matairi manne, mafuta ya breki, dawa ya rejeta, oili na mkanda wa taimingi, kwa injini zenye mkanda badala ya cheni, itengwe kabla ya kupatana bei ya gari lenyewe. Mkopo wote ukiishia kwa muuzaji, gari litashuka Ngaramtoni likiwa na mafuta ya breki ya mwenye nalo wa kwanza.