Kuongeza Kasi ya Prosesa Kuukuu: Kabla ya Kulipa

Kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ni mtaji wa maduka mengi ya kuchapa na kutoa nakala, yakiwamo ya Kasulu na Kibondo. Ikianza kuzubaa, mwenyewe huahidiwa kuwa prosesa yake itaongezewa kasi kupita kiwango cha kiwandani. Tunashauri mlaji asome kwanza jina la prosesa hiyo.

Intel Core i7-4790K ya mwaka 2014 imeachwa wazi: kasi yake ya msingi, gigahezi 4.0, yaweza kupandishwa. Ndugu yake i7-4790, isiyo na herufi K, imefungwa kiwandani, na fundi hana ufunguo. Hata yenye K huhitaji ubao mama uliokusudiwa kazi hiyo, kama ule wenye chipu ya Z97. Kompyuta za ofisini, mathalani Dell OptiPlex 9020, hazina chipu hiyo.

Hatari yenyewe imo katika umeme. Kasi ikipanda, prosesa hudai volti zaidi, na joto huongezeka upesi kuliko kasi. Vipande vya kurekebisha umeme katika ubao wa bei nafuu ni vichache, aghalabu havina kipoza joto. Vikielemewa, kompyuta hujizima katikati ya kazi ya mteja, au ubao huungua. Vumbi la kiangazi likiziba feni, hali huwa mbaya zaidi.

Kwa maoni yetu, fedha hiyo heri inunue diski ya SSD badala ya diski ya kuzunguka. Anayeshikilia kuongeza kasi adai risiti inayotaja kazi iliyofanywa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na risiti hiyo ataihitaji akipeleka malalamiko Tume ya Ushindani.