Maumivu Yakiondoka, Je, Kiuno Kimepona?

Katika nyumba zetu maradhi ya kiuno aghalabu hupimwa kwa maumivu peke yake. Yakija, mtu hulala. Yakiondoka, hurudi kazini. Juma hili tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini kipimo hicho hakitoshi.

Mfano wetu tunauchukua bara, Kalimoni, mojawapo ya wadi za Juja, kati ya Ruiru na Thika. Jamaa zetu wengi wanalijua eneo hilo, kwani vijana wa Pwani husoma Juja katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na wengine wamehamia huko kutafuta riziki. Pande hizo zina machimbo ya mawe ya kujengea. Mkata mawe huinama kutwa, na mpakiaji huinua jiwe baada ya jiwe hadi lori lijae. Anayelipwa kwa siku hana nafasi ya kuugua. Humeza vidonge, na maumivu yakitulia hurudi machimboni kesho yake. Haipiti miezi mingi ila kiuno humshika tena.

Sababu mojawapo imo ndani ya mgongo. Chini ya misuli mikubwa tunayoiona, ipo misuli mifupi inayoshikilia pingili za uti wa mgongo moja moja. Mkuu wao huitwa maltifidasi. Mbele, chini kabisa ya misuli ya tumbo, upo mwingine unaozunguka kiuno kama mshipi.

Mwaka 1996, huko Queensland, Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson walionyesha kwamba kwa mtu mzima wa afya mshipi huo hukaza kabla mkono haujainuka, ilhali kwa mwenye maradhi ya kiuno huchelewa. Mwaka huo huo Julie Hides na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 39 walioumwa kiuno kwa mara ya kwanza. Maumivu yaliondoka kwa wengi ndani ya wiki 4, lakini kwa wasiofanya mazoezi maalumu maltifidasi ya upande ulioumia ilibaki imesinyaa hata wiki ya 10. Katika mwaka uliofuata, asilimia 84 ya hao waliumwa tena. Waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 30.

Basi misuli hii hupimwaje? Mgonjwa hulala kifudifudi. Mtaalamu wa tiba ya viungo huweka vidole pande zote mbili za uti wa mgongo, kisha humwomba autunishe msuli polepole chini ya vidole, bila kusogeza mgongo wala kuzuia pumzi. Huangalia kama pande mbili zinalingana, na kama mgonjwa aweza kudumu hivyo kwa sekunde 10, mara 10. Kwa msuli wa tumbo, kifuko cha hewa chenye saa ya kipimo huwekwa chini ya tumbo. Mgonjwa akilivuta tumbo ndani taratibu, mshale hushuka. Palipo na mashine ya ultrasaundi, unene wa msuli huonekana ukiwa umelegea na ukiwa umekaza.

Hata hivyo, tusilipe jambo hili uzito kuliko linavyostahili. Si kila kiuno kinachouma kina msuli uliolegea, na mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba kwa maumivu sugu mazoezi haya hayazidi mazoezi mengine kwa manufaa. Faida ya kupima ni kujua pa kuanzia, na kumwonyesha mgonjwa kwamba kutulia kwa maumivu si mwisho wa matibabu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kupimwa, mweleze mtaalamu kazi unayofanya na unavyojisikia katika rukuu na sijda, ili mazoezi yapangwe kwa maisha yako. Ama miguu ikilegea, mkojo ukikataa au kutoka wenyewe, au ganzi ikiingia baina ya mapaja, usingoje zoezi wala kidonge. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na aliye na jamaa machimboni amfikishie neno hili: asianze na jiwe zito siku ya kwanza baada ya maumivu kutulia. Aongeze uzito kidogo kidogo, na mazoezi asiyaache. Kiuno hicho ndicho kinacholisha nyumba.