Mamangu ndiye aliyejua nimeacha kucheka

Ilikuwa Jumapili jioni, mvua inapiga mabati, nami niko chumbani mwangu Siongiroi nikizungumza kwa simu na mamangu aliye Malindi. Alikuwa akinisimulia kisa cha muuza samaki wa mtaani kwetu ambaye mbuzi wa jirani alimlia noti zake za mauzo. Jamaa alimfunga yule mbuzi kwenye mnazi akawa anamsomea mashtaka mbele ya watoto. Nikasema, "Alaa, kumbe." Kikapita kimya. Kisha mama akaniuliza, "Mwanangu, una nini? Mbona siku hizi hucheki?"

Nikamwambia mtandao ni mbaya. Lakini nilipokata simu nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipocheka, nikashindwa.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilihamishiwa bara kama walimu wengi wa pwani walivyohamishwa. Siongiroi iko Chepalungu, kaunti ya Bomet. Mashamba ya chai mnayoyaona pichani yako zaidi kule juu, kuelekea Bomet mjini na Kericho. Siongiroi yenyewe ni nchi ya ng'ombe na mahindi, na asubuhi barabara hujaa mitungi ya maziwa. Watu wake ni Wakipsigis, na walinipokea kwa wema. Sina la kuwalaumu. Tena kwetu barazani nilijulikana kwa kicheko. Watu walikuwa wakinisikia kabla hawajaniona.

Basi kilipotelea wapi?

Hakikuondoka siku moja. Kwanza niliacha kusikiliza vichekesho vya redioni, nikasema nimechoka. Kisha nikawa naamka saa tisa za usiku bila sababu. Chakula hakina ladha, hata wali wa nazi niliojipikia kwa nazi ya kutumiwa kutoka nyumbani. Wenzangu wakicheka katika chumba cha walimu, mimi nilielewa mzaha vizuri, ningeweza hata kuueleza ubaoni, ila haukunigusa. Nikajifunza kuonyesha meno wenzangu wanapocheka.

Na kuna jambo ambalo sikumwambia mama. Jioni nyingine, nikirudi kutoka dukani, niliwaza kwamba nisingeamka kesho yake isingekuwa tofauti kubwa kwa mtu yeyote. Wazo hilo halikunitisha, na leo ndilo linalonitisha zaidi.

Aliyenishika mkono ni mwalimu mwenzangu, mwenyeji, ambaye aliniletea mursik kila Ijumaa. Siku moja alinitazama akasema, "Mwalimu, wewe siku hizi unacheka kwa meno tu. Macho hayacheki." Kesho yake alinisindikiza mpaka kituo cha afya.

Baadaye nikaja kusoma kwamba maneno yake yana msingi. Daktari Mfaransa, Duchenne, aliandika mwaka 1862 kwamba tabasamu la furaha ya kweli hukaza misuli inayozunguka macho, na kwamba misuli hiyo si rahisi kuiamrisha. Mdomo unaweza kuutuma. Macho ni kazi. Wataalamu wa leo husema ubongo una njia mbili za kicheko: moja ya hiari, ile tunayoitumia kwa adabu mbele ya mgeni, na nyingine ya zamani zaidi, inayojitokea yenyewe. Kwangu ile ya adabu ilikuwa bado inafanya kazi. Ile nyingine ndiyo iliyozimika.

Pale kituoni muuguzi hakuniuliza kama nina huzuni. Aliniuliza kama katika wiki mbili zilizopita nimekosa hamu au raha katika mambo niliyozoea kuyapenda. Kisha akaniuliza juu ya usingizi, chakula, uchovu, kujiona sifai, na mwisho, bila kupepesa macho, juu ya mawazo ya kufa. Hayo ni maswali tisa yanayotumika katika nchi nyingi kupima ugonjwa ambao Tanzania huuita sonona na Kenya wengi huuita mfadhaiko. Swali la kwanza kabisa ni hilo la raha. Mtu anaweza kuugua bila kulia hata chozi moja. Mimi sikulia.

Hapa ndipo wengi hukosea, maana hudhani mgonjwa wa sonona ni mtu mwenye majonzi makubwa. Majonzi huja kwa mawimbi. Nenda matangani popote pwani: siku ya kwanza ni vilio, lakini siku ya tatu utasikia mtu akikumbuka vituko vya marehemu na ukumbi mzima ukaangua kicheko, kisha machozi yakarudi. Mfiwa bado anaguswa. Mgonjwa wa sonona haguswi na chochote, kizuri wala kibaya, wiki baada ya wiki. Sehemu za ubongo zinazotufanya tutarajie raha na kuifuata huwa zimepoa. Kumwambia mtu huyo "cheka bwana, dunia ni hii hii" ni kama kumhimiza mwenye mguu uliovunjika akimbie.

Tena kicheko si kipimo cha furaha kila mara. Wengi mmesikia habari za Kashasha, kule Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana wa shule ya bweni walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walifika 95, na shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari Rankin na Philip walichunguza wasione sumu wala viini vya maradhi. Waliochunguza baadaye wanaeleza kwamba yalikuwa mabinti waliobanwa na dhiki wasiyoweza kuisema. Wao dhiki iliwatoka kwa kicheko, mimi yangu ikakimeza. Kwa hiyo mtazame mtu alivyobadilika na alivyokuwa, usimpime kwa jirani yake.

Niseme pia kwamba si kila uso usiocheka una sonona. Maradhi ya Parkinson hukaza uso wa mzee ukawa kama kinyago ilhali moyoni anafurahi. Matatizo ya tezi la shingo nayo huweza kumpoza mtu. Ndiyo maana nasema upimwe, usijihukumu wala usihukumiwe na mtaa.

Maana mtaa wetu tunaujua. Ataambiwa ana jini, ametupiwa kijicho, au imani yake ni haba. Anayetaka kuomba dua na aombe. Mamangu aliniombea na nilishukuru. Lakini dua haikatazi dawa. Waswahili walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wanaume ndio tunaoficha zaidi, na kwa miaka mingi sheria nayo ilitufunga mdomo: kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, chini ya kifungu cha 226. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mgonjwa asiogope tena kusema.

Na matibabu yapo. Mimi nilipewa dawa, na nikaambiwa zitachukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti. Nilipangiwa pia mazungumzo kila wiki. Msidharau mazungumzo. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, wagonjwa wa sonona katika nusu ya vijiji walikutanishwa kwa vikundi wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa wiki mbili tu. Mwishoni waliobaki na ugonjwa katika vikundi hivyo hawakufika mmoja kati ya kumi. Katika vijiji vingine walikuwa zaidi ya nusu.

Kwa walio Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili tangu zamani. Walio mbali waanzie kituo cha afya kilicho karibu, wamweleze muuguzi kama nilivyoeleza hapa. Na mwenye mawazo ya kufa asilale nayo peke yake. Amwambie mtu usiku huo huo.

Kicheko changu kilirudi darasani, mwezi wa tatu wa matibabu. Nilimwita mtoto wa darasa la sita amalizie methali, "Haraka haraka..." Akasimama wima, akajibu kwa sauti, "Hupata matatu ya mwisho kwenda Bomet!" Nilisikia kelele chumbani, ikanichukua muda kutambua kwamba ni mimi. Watoto walinyamaza wakanitazama. Hawakuwahi kunisikia.

Jioni nilimpigia mama, nikamwomba anisimulie upya kisa cha mbuzi.