Jina Kwenye Kopo: Tarantula Mgeni, Gamba Lake na Nyumba Yake

Tarantula aliyetoka kununuliwa huingia nyumbani kwa mfugaji akiwa na jina alilopewa na mtu mwingine, na jina hilo, liwe sahihi au la, ndilo litakaloamua kina cha udongo atakaowekewa, kimo cha chombo atakamoishi na kiasi cha unyevu atakaowekewa. Katika maonyesho ya wanyama wa kufugwa ya Ulaya, ambako buibui hawa wakubwa wenye manyoya wana wapenzi wengi, jina huandikwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya kopo la plastiki, na msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuzipita karatasi hizo hivi hivi, kwa kuwa baadhi yake zina maneno Usambara, Kigoma au Mikumi, majina ya mahali nchini Tanzania. Buibui wote wenye karatasi hizo huuzwa kuwa ni spishi moja, Pterinochilus murinus, iliyoelezwa kisayansi na Reginald Innes Pocock mwaka 1897, na ambayo makazi yake yameenea Angola na nchi za kati, mashariki na kusini mwa Afrika. Wanaoitwa Usambara wana rangi ya chungwa iliyokolea, na hao ndio wanaopendwa kuliko wote. Karatasi haisemi buibui wa kwanza wa ukoo huo alichukuliwa kilima kipi, na nani, wala mwaka gani.

Jina lenyewe si kitu cha kuaminiwa kwa macho. Kwa muda mrefu tarantula wa Meksiko mwenye magoti mekundu aliuzwa duniani kote kwa jina la Brachypelma smithi, hadi mwaka 2017 wataalamu Jorge Mendoza na Oscar Francke walipoonyesha kwamba wengi wa waliokuwa wakifugwa ni spishi nyingine, Brachypelma hamorii, na kwamba bonde la mto Balsas ndilo linalotenganisha makazi ya spishi hizo mbili. Wafugaji waliokuwa wamekaa na buibui wao miaka mingi walilazimika kubadili karatasi. Hali huwa ngumu zaidi kwa anayenunua kitoto cha sentimita moja, maana kitoto hakina rangi ya mzazi, na aliyekinunua hana budi kulipokea neno la muuzaji mpaka wakati utakapofika wa kulipima.

Wakati huo hufika kwa gamba. Tarantula hukua kwa kujivua: hulala chali, ngao ngumu iliyofunika kifua chake hubanduka, kisha hujichomoa taratibu, miguu yote minane pamoja na meno ya sumu, kwa kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. Asiyejua hudhani mnyama anakufa, akamgeuza, na kumgeuza huko kunaweza kumuua kweli. Kinachobaki chomboni ni umbo zima, na ajabu yake ni kwamba si la nje tu, kwa sababu buibui huvua pia utando wa ndani wa tumbo la kufyonzea chakula, utando wa mapafu yake, na kwa jike, utando wa vifuko anamotunzia mbegu alizopewa na dume. Ndiyo sababu jike aliyekwisha kupandwa, akijivua kabla ya kutaga, hupoteza mbegu zote na hana budi kupandwa upya.

Mfugaji mwenye subira hulichukua gamba hilo, ambalo sehemu yake ya tumbo huwa imejikunja na kukauka, akaliloweka katika maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo hadi lilainike, kisha akalikunjua kwa brashi laini ya rangi, upande wa ndani ukiwa juu. Hapo huonekana mabaka manne meupe, ambayo ni mapafu yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka mfano wa kurasa za kitabu. Kati ya mabaka mawili ya mbele hupita mfuo mwembamba, na ni hapo panapotazamwa kwa lenzi ya mkono au hadubini. Kama ni jike, kipande kidogo cha ngozi, ambacho ni utando wa vile vifuko vya mbegu, husimama juu ya mfuo huo. Kama ni dume, hapana kitu. Umbo la kipande hicho hutofautiana baina ya jenasi na jenasi, yaani baina ya makundi ya spishi zenye undugu wa karibu: kwa Brachypelma ni kimoja kipana, kwa Pterinochilus ni viwili vilivyoachana. Kwa hiyo jambo ambalo mnyama aliye hai hawezi kuulizwa bila kusumbuliwa hujibiwa na vazi alilokwisha kulitupa, na hakuna hoja bora kuliko hiyo ya kumshauri mfugaji asilitupe gamba hata moja, bali alihifadhi pamoja na tarehe.

Kuhusu nyumba, sauti iliyosikilizwa sana na wafugaji ni ya Stanley Schultz, ambaye pamoja na mkewe Marguerite aliandika The Tarantula Keeper's Guide, kitabu ambacho toleo lake lililosahihishwa lilitoka mwaka 2009. Schultz anapinga takriban kila pambo linalouzwa pamoja na buibui. Sifongo iliyowekwa kwenye kisahani cha maji, anasema, haimnyweshi mnyama bali hukuza uchafu. Kinachotakiwa ni kisahani chenye maji safi, basi. Kunyunyizia maji kila siku kwa kuogopa ukavu anakuona kuwa ni desturi iliyorithiwa bila kuhojiwa, na joto la chumba anamoishi binadamu, kwa maoni yake, huwatosha tarantula wengi bila taa wala jiwe la umeme. Analolikazia ni kimo. Buibui mzito wa ardhini akipanda kioo na kuanguka, tumbo lake linaweza kupasuka, kwa hiyo nafasi kati ya udongo na kifuniko lazima iwe ndogo, na mfugaji anayenunua chombo kirefu kwa ajili ya uzuri wake anamwekea mgeni wake hatari. Ni ushauri wa mtu aliyewatazama wanyama hao kwa miaka mingi na kuamini kwamba mahitaji yao ni machache, ila hayana mjadala.

Hapo ndipo jina linaporudi kudai haki yake. Pelinobius muticus wa nyika za Kenya na Tanzania, buibui mkubwa wa rangi ya kutu mwenye miguu minene ya nyuma, ni mchimbaji: asiyepewa udongo mwingi, ulioshindiliwa vizuri ili shimo lisibomoke, huishi juu akiwa na mfadhaiko, akisimamisha miguu ya mbele na kutoa sauti ya kukwaruza kwa kuisuguanisha. Spishi za mitini huhitaji kinyume chake, yaani kimo na gome la kujifichia. Naye Pterinochilus murinus, kwa kuwa hana nywele za kuwasha walizonazo jamaa zake wengi wa Amerika, hutegemea mbio na meno. Kuumwa naye huleta maumivu makali na mkakamao wa misuli, na aliyemwekea jina la mnyama mpole atafungua kopo bila tahadhari.

Sheria zimejaribu kuufuata mkondo wa biashara ya buibui hawa. Tarantula wa jenasi Brachypelma, na tangu mwaka 2019 wale wa Poecilotheria wa India na Sri Lanka, wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori kati ya nchi na nchi, lakini Pterinochilus hayumo. Mwezi Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja watu wanne waliokutwa na chungu hai wa kusafirishwa nje, kesi iliyoonyesha kwamba hata mdudu mdogo ana mnunuzi ng'ambo. Lakini buibui wanaoitwa Usambara wamekwisha kuzalishwa Ulaya vizazi kwa vizazi, pengine kwa kuchanganywa na wengine waliofanana nao rangi tu. Je, buibui wanaouzwa kwa majina ya Usambara, Kigoma na Mikumi ni wa spishi moja kweli, au karatasi zile zimekusanya chini ya jina moja viumbe ambao milima yao iliwatenganisha zamani? Swali hilo linahitaji buibui waliookotwa mahali panapojulikana, magamba yao yakalinganishwa kando kwa kando, na bado haijaamuliwa kama kazi hiyo itafanyika Tanzania, mikoani Tanga na Morogoro, au itaendelea kufanyika kwa makopo ya Ulaya.