Uzamili wa thamodinamiki: Pale pombe inapogoma

Beshte yangu anasomea uzamili wa uhandisi wa kemikali. Wiki ya tatu ya muhula alinipigia usiku, sauti imekwisha. "Buda, hii thamodinamiki nilipata A digrii ya kwanza. Sasa sielewi kitu."

Shida si hesabu tu. Chukua ethanoli, ile inayotengenezwa kwa molasi pale Muhoroni. Ukiichemsha ikiwa na maji na kukusanya mvuke, kila raundi inakuwa kali zaidi. Ikifika kama asilimia 95.6 kwa uzani, inagoma. Mvuke na kilichobaki chunguni vina kiwango kilekile cha pombe. Chemsha hadi kesho, husongi.

Digrii ya kwanza unapewa jedwali na fomula, unatoa jibu. Kwenye uzamili unaulizwa: inagoma kwa nini? Lazima ushuke hadi kwenye molekuli, ueleze jinsi maji na ethanoli zinavyovutana, kisha utabiri tabia ya mchanganyiko ambao hujawahi kuupima. Msingi wa haya uliwekwa na Mmarekani Josiah Willard Gibbs miaka ya 1870, na hata wasomi wa enzi zake wengi walichelewa kumwelewa.

Mimi niliacha chuo nikidhani kutoelewa ni ujinga. Nilimwambia asirudie kosa langu. Akatafuta wenzake wawili, wakaanza upya sura ya kwanza, kila grafu wakiichora kwa mkono.

Bado anatoka jasho. Lakini juzi alinieleza kwa dakika tano kwa nini ethanoli inagoma pale. Nikaelewa.