Kiamhari hakina ugomvi na Mswahili

Muulize mtu wa Addis Ababa saa ngapi, jua likiwa limepanda kiasi cha saa tatu asubuhi. Atakujibu *sost se'at*, na maana yake ni saa tatu ileile. Saa ya Kiethiopia huanza kuhesabiwa kunapokucha, kama yetu. Mzungu hukosa miadi wiki nzima kabla hajalizoea jambo hili. Mtu wa Mombasa au Morogoro hana cha kujifunza hapo.

Naanza na saa kwa sababu hofu ya wengi juu ya Kiamhari ni ya kuazima. Chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukipa Kiamhari wiki 44 darasani, Kiswahili 36. Lakini kipimo hicho kilikatwa kwa mtu aliyelelewa na Kiingereza. Sisi hatumo.

Kinachowakimbiza watu mapema ni maandishi, yaitwayo *fidel*. Konsonanti za msingi ni 33, kila moja ina maumbo saba, jumla 231. Ukiitazama idadi hiyo kwa mkupuo utafunga daftari. Tazama basi mstari mmoja tu: በ ቡ ቢ ባ ቤ ብ ቦ. Hiyo ni ba, be, bi, bo, bu ya darasa la kwanza, ila mpangilio ni wao, irabu zimezidi kidogo na kila silabi ina alama yake. Umbo la b halipotei. Kinachobadilika ni kikono cha pembeni, mguu uliofupishwa au kikia cha chini, na ukishaujua mstari huu, ule wa l na ule wa s unakwenda karibu vilevile. Ipo mistari mikaidi, sikatai. Zipo pia herufi tatu za sauti moja ya h, jambo lisilomsumbua msomaji ila humkera anayeandika. Kwa upande mwingine, hakuna herufi kubwa, na mwandiko huanzia kushoto kwenda kulia.

Kwenye kitenzi ndipo Mswahili anapojikuta nyumbani. Sisi husema “nakupenda” kwa neno moja, lenye mtenda, mtendwa na wakati ndani yake. Mwamhara naye husema *afeqrihalehu* akimwambia mwanamume, *afeqrishalehu* akimwambia mwanamke. “Sikwenda” ni *alhedkum*: *al-* ya mwanzoni na *-m* ya mwishoni zinakanusha, *-ku-* ni mimi. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo utasema “mimi kahawa nataka”, na baada ya muda sikio linakubali. Wingi ndio raha tupu. *Bet* ni nyumba, *betoch* ni nyumba nyingi, na kiambishi hicho kinatosha kwa majina mengi. Wageni wanaolia na ngeli zetu wangetuonea wivu.

Halafu kuna msamiati. Kiamhari ni ndugu wa Kiarabu katika ukoo wa Kisemiti, nasi tumechota kwa Waarabu kwa karne nyingi. Ndiyo maana *dem* ni damu, *mot* ni mauti, *nefs* ni nafsi, *feres* ni farasi, *samuna* ni sabuni. Arobaini ni *arba*, hamsini ni *amsa*. Tahadhari moja tu: ukiambiwa unapelekwa kwa *hakim*, usiogope kesi. Huyo ni daktari.

Ugumu upo. Kuna konsonanti zinazotoka kwa kubana koo na kuziachia kwa mlio wa ghafla, na hizo hazisomeki kitabuni, sharti umsikilize mwenyewe. Kuna pia konsonanti za kukazwa, ambazo fidel haizionyeshi: *gena* ni bado, *genna* ni Krismasi, na zote mbili huandikwa ገና. Hapo muktadha ndio mwalimu.

Umoja wa Afrika, wenye makao yake Addis Ababa, ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Ukitoka nje ya geti lake, kwenye teksi na katika soko la Merkato, bei hutajwa kwa Kiamhari. Kama una safari ya huko, achana na vijitabu vilivyoandika Kiamhari kwa herufi za Kilatini. Anza na fidel, mstari mmoja kwa siku, na usome kila kibao cha duka utakachokipita.