Omega Centauri, galaksi iliyoraruliwa

Je, wajua kwamba ukiwa Manyoni au Iramba mwezi Juni, kiangazi kimeshika na anga halina wingu, unaweza kuona kwa macho matupu kile kinachoaminika kuwa mabaki ya galaksi iliyomezwa na galaksi yetu?

Katikati ya mwezi, saa tatu usiku, tazama kusini. Utauona Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili kali. Anzia kwenye ile iliyo karibu na Msalaba, upande juu kiasi cha ngumi moja na nusu ya mkono ulionyooshwa, kulia kidogo. Hapo pana nukta yenye ukungu. Johann Bayer aliiandika kama nyota mwaka 1603, lakini ni fungu la nyota zipatazo milioni 10, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi: Omega Centauri.

Nyota za mafungu kama hili kwa kawaida huzaliwa pamoja. Hizi ni za vizazi tofauti, na ndiyo maana wanaastronomia wengi huamini kuwa ni kiini cha galaksi ndogo iliyoraruliwa na galaksi yetu, Njia Nyeupe.

Nguvu iliyoirarua ndiyo ileile inayojaza na kupwesha bahari kule Tanga na Kilwa: upande wa karibu huvutwa zaidi kuliko wa mbali. Nyota za pembezoni huchomoka. Zinazotokea upande wa ndani, unaoelekea kitovu cha Njia Nyeupe, huzunguka upesi na kutangulia. Za nje hubaki nyuma. Mikia hiyo miwili hurefuka kwa mabilioni ya miaka hadi kuwa kijito chembamba.

Kijito cha Omega Centauri kilitafutwa kikakosekana, kwa kuwa nyota zake zimechanganyika na nyingine zisizohesabika. Mwendo wa pamoja wa nyota za kijito ndio uliozifichua. Mwaka 2019 Rodrigo Ibata na wenzake, kwa vipimo vya darubini ya angani Gaia, walizikuta zimesambaa hadi nyuzi 28 kutoka kwenye fungu.

Kwangu, thamani kubwa ya vijito hivi ni kwamba vinapima uzito wa galaksi, pamoja na maada ya giza isiyoonekana. Kijito GD-1, kilichogunduliwa 2006, kina mapengo. Baadhi ya watafiti wanashuku kwamba bonge la maada hiyo lilipita karibu nacho na kuzisukuma nyota zake kando.